Kutoka Ng'ambo Kwenda Ng'ambo

Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, upande wa pili wa Darajani. Mkono wa bahari uliokuwa ukitutenga na Mji Mkongwe ulifukiwa kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Daraja halipo tena, jina limebaki. Kwangu mimi Ng'ambo ilikuwa mtaa, duka la mkate, na baraza la bibi. Februari ile, nikiwa na miaka 21, ndipo nilipokwenda ng'ambo yenyewe, baiskeli ikiwa imekunjwa ndani ya boksi la kadibodi.

Nilikuwa nakwenda Maskati, Oman, kushindana triatloni: kuogelea mita 1,500, baiskeli kilomita 40, kisha kukimbia kilomita 10, bila kupumzika katikati. Kuogelea sikufundishwa na mtu. Nilijifunza Forodhani kwa kupiga makachu. Unaruka ukutani, unazama, unaibuka, unaogelea mbio kurudi kwenye ngazi ili usikose zamu. Baiskeli ilikuja baadaye, mtumba niliouziwa na mgeni aliyekuwa anahama, na njia yangu ya mazoezi ilikuwa barabara ya Paje, alfajiri, kabla daladala hazijachangamka. Nauli ilitokana na michango. Wapo waliotoa shilingi elfu mbili mbili, na nawakumbuka mmoja mmoja.

Usiku wa kufunga boksi nilijifunza jambo ambalo hakuna aliyeniambia: pedeli ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia. Nilikaza badala ya kulegeza kwa nusu saa nzima, mpaka jirani fundi alipokuja na kandambili zake, akashika spana, akazungusha upande wa pili, ikatoka. Tukapunguza upepo matairini, tukafunga gia za nyuma kwa nguo kuukuu. Bibi alisimama mlangoni akitutazama. Akanipa salamu za kumpelekea mdogo wake.

Mdogo wake bibi aliondoka Unguja mwaka 1964, msichana wa miaka kumi na miwili. Akaishi kwanza Dubai, akafika Maskati baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani waliotawanyika nje. Huyo naye kwangu ni bibi. Nilikuwa nimemwona kwenye simu tu, uso umejaa kioo chote kwa sababu hushika simu karibu mno.

Ndege ilichukua saa tano na ushei. Dirishani niliona kwanza bahari, halafu milima ambayo sikuwa nimeifikiria, ya rangi ya udongo uliochomwa, mikavu, haina hata mti. Chini yake nyumba nyeupe, nyeupe, nyeupe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na upepo gani wewe?"

Sikuelewa. Akanieleza tukiwa garini, mjukuu wake akiendesha. Februari ni kaskazi. Kaskazi ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi Unguja kutoka huku, na aliyetaka kurudi alisubiri kusi ianze kuvuma. "Hakuna baharia aliyekuja Maskati mwezi huu," alisema. "Umepanda juu ya upepo." Kiswahili chake kilinishangaza. Kilikuwa cha Unguja kabisa, lakini cha wazee waliokwisha ondoka, na kila neno alilitamka kwa utulivu kama mtu anayeshika vyombo vya harusi.

Tulipofungua boksi niliishiwa nguvu. Kile kichuma kidogo kinachobeba gia za nyuma kilikuwa kimepinda, na cheni ilikuwa inagusa spoki. Zilibaki siku mbili. Mjukuu wa bibi akanipeleka Ruwi kwa fundi mmoja kutoka Bangladesh, kibanda chake hakizidi upana wa mlango. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Aliipindua baiskeli, akachutama nyuma yake, akafumba jicho moja. Akaingiza chuma kirefu, akavuta kidogo mno, akaachia, akatazama tena. Akarudia. Labda mara nane, tisa. Kila akivuta nilikuwa nabana pumzi, kwa sababu kichuma kile kikivunjika safari imekwisha. Halafu akazungusha pedeli kwa mkono, cheni ikapanda na kushuka gia zote bila kukwaruza. Akatabasamu. Nikamshika mikono yote miwili.

Usiku wa kuamkia mbio bibi alipika wali wa nazi na samaki, na akataka nimweleze mchezo wenyewe. Nikamwambia ulianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974, na ukaingia Olimpiki kule Sydney mwaka 2000. Hilo halikumgusa. Alichotaka kujua ni bahari.

"Ukiingia majini, onja. Kisha uniambie kama ni ileile ya Forodhani."

Ufukwe wa Shatti Al Qurum saa kumi na mbili asubuhi ulikuwa na watu wengi na kimya. Kimya kile ndicho kilichonitisha. Kwetu kabla ya mbio watu wanatiana maneno, wanacheka, wanaimba. Hapa kila mtu alikuwa anapanga viatu, taulo, kofia ngumu, chupa ya maji, kwa mstari, kama anayetandika meza. Nikapanga vyangu nikiwaigiza. Namba ikachorwa mkononi, kifaa cha kupimia muda kikafungwa kifundoni.

Tukaachiwa. Niliingia maji kwa kasi ya makachu, nikitaka kufika mbele ya wote. Maji yalikuwa baridi. Kwetu Februari bahari ni kama chai iliyosahauliwa mezani, lakini hii ilinikamata kifuani, pumzi zikakatika. Mguu wa mtu ukanipiga miwani. Nikanyanyua kichwa na kumeza funda zima. Nikaonja, bila hiari yangu.

Mpaka boya la pili nilikuwa nimepitwa na watu wasiopungua thelathini. Hapo nikafanya nilichokuwa nakifanya utotoni nilipochoka mbali na ngazi: nikalala chali, nikahesabu pumzi kumi, nikatazama juu. Kisha nikageuka. Nyumba zote za ufukweni zilinichanganya kwa weupe, basi nikachagua ncha moja ya mlima, nikaogelea kuifuata. Nikaanza kuwapita, mmoja mmoja, taratibu. Ile bahari nilikuwa naijua. Niliyoyaleta kutoka nyumbani yalinitosha, ila sikuwa nimejua kuyatumia polepole.

Barabarani kilichonisumbua ni sheria. Paje tunaendesha kwa kundi, gurudumu kwa gurudumu, tukipokezana upepo. Hapa unatakiwa kuacha mita 10 nyuma ya aliye mbele, na mwamuzi yuko juu ya pikipiki anakutazama. Kilomita 40 peke yako, watu wapo mbele na nyuma lakini huna mwenzako. Upepo wa bahari ulinipiga ubavuni. Gia za fundi wa Ruwi hazikukosea hata mara moja.

Niliporudisha baiskeli nilifungua mkanda wa kofia kabla sijaitundika baiskeli yenyewe. Mwamuzi akanisimamisha. Hakupaza sauti, aliweka kidole chini ya kidevu chake. Nikafunga mkanda tena, vidole vikitetemeka kwa jasho, nikatundika baiskeli, nikafungua, nikavua. Sekunde chache tu, lakini naziona hadi leo.

Kilomita 10 za kukimbia sitazisimulia sana. Miguu ilikuwa mizito, jua limepanda, na kila mtu alikuwa anashangiliwa na watu wake kwa lugha zao. Mzunguko wa mwisho, karibu na mitende, nikasikia "Kaza, mwanangu, kaza!" na kigelegele kirefu cha Unguja. Bibi alikuwa amesimama na buibui lake, chupa ya kahawa kwapani. Watu wakageuka kumtazama. Nikalia nikiwa nakimbia.

Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 31, katikati ya orodha. Nilikaa mchangani, bibi akanimiminia kahawa yenye iliki, akanipa tende mkononi, moja baada ya nyingine.

"Haya, ulionja?"

"Nilionja, bibi. Ni ileile. Ila ya kwenu ina chumvi zaidi."

Akanyamaza kidogo, kikombe kikiwa hewani.

"Ya kwetu ipi, mwanangu?"