Koseti ya kitenge, nilivyoishona hapa Ujiji

Mteja akija na picha ya gauni la koseti, lile linalobana kiwiliwili kwa kamba, kwanza huulizia mifupa, yaani vipande vyembamba vigumu vinavyopitishwa ndani yake. Mimi naanza na kitambaa, kwa sababu ndicho kinachobana. Mifupa inakizuia tu kisijikunje kiunoni. Shona kwa kitambaa chepesi, ujaze vyuma utakavyo, kitavutika na kiuno kitarudi palepale.

Kitambaa chenyewe cha koseti huitwa kutili, pamba iliyofumwa kwa kukazwa sana. Dukani huku sijakiona. Kwa hiyo bibi harusi mmoja aliponiletea kitenge cha sherehe ya kuagwa, nilichukua kaki nzito ya pamba, ile ya sare, nikaifua kwanza inywee, ikawa tabaka la kubeba nguvu. Kitenge juu yake, bitana ya pamba upande wa mwili. Bitana ya nailoni kwa joto la Kigoma ni mateso.

Nilitangulia kumpimisha koseti ya majaribio ya amerikani. "Dada, nitaweza kula kweli?" aliniuliza. Nikamketisha kwenye kigoda, nikamwambia avute pumzi, ainame. Ncha ya mbele ikamchoma mapajani, nikaipunguza hapohapo kwa chaki.

Ninachokithamini kuliko vyote ni utepe wa kiuno: utepe wa pamba wa sentimita 2, unaozunguka kati ya kaki na bitana, umeshikizwa kwenye kila mshono. Kamba za mgongoni zikivutwa, utepe ndio unaoumia, mishono inasalimika.

Zamani mifupa ilikuwa mabamba ya mdomoni mwa nyangumi, yale anayochujia chakula. Mwaka 1883 Edward Warren wa Michigan, Marekani, akaanza kutumia mashina ya manyoya ya bata mzinga. Chuma nacho kipo cha aina mbili: cha bapa hupinda mbele na nyuma tu, cha kusokota hupinda hadi ubavuni. Mimi nilitumia mikanda mipana ya plastiki ya kufungia nyaya, kutoka duka la vifaa vya umeme. Kila mmoja niliukata mfupi kuliko njia yake iliyoshonwa ndani ya koseti kwa nusu sentimita kila upande, nikaviringisha ncha na kuzipitisha kwenye moto wa mshumaa zisitoboe kitambaa. Baada ya hapo pasi isikaribie, plastiki hupinda.

Matundu ya kamba nilipeleka kwa fundi viatu anipigie vikuku vya chuma, vile vipete vya kuzunguka tundu. Kila safu ya matundu ina mfupa kushoto na kulia, la sivyo mgongo unajikunja kamba zikikazwa. Katikati nikaacha uwazi wa sentimita 5, ili akinenepa au akipungua koseti imfuate.

Kufunga nilimfundisha wifi yake, kwa kuwa siku ile sitakuwepo: kaza kutoka juu ukishuka, kisha kutoka chini ukipanda, ulegevu wote uishie kwenye vitanzi viwili vya kiunoni. Vuta hivyo pamoja, subiri bibi harusi apumue, vuta tena kidogo.