Siku moja maishani mwangu: kutafuta jua lililopotea mawinguni

Saa 12:50 asubuhi
Napanda juu ya paa na kitambaa laini na maji safi. Kabla ya kingine chochote hufuta kuba dogo la kioo la piranomita, kifaa kinachopima mwanga wa jua unaofika chini. Vumbi kidogo tu hushusha kipimo, na hapo naweza kuisingizia modeli yetu ya tabianchi, programu ya kompyuta inayoiga anga na bahari za dunia, kwamba imeleta jua kupita kiasi, kumbe kioo ndicho kichafu.

Leo mawingu ni ya mafungumafungu. Nazipenda siku kama hizi. Wingu likilikaribia jua bila kulifunika, ubavu wake huakisi mwanga, na kwa dakika chache kipimo hupanda kuliko cha anga lisilo na wingu hata moja. Modeli nyingi za tabianchi hufuata mwanga ukienda juu na chini tu, kwa hiyo mwanga wa ubavuni haumo kabisa katika hesabu zake.

Saa 2:30
Kompyuta kuu imekesha ikikokotoa. Nachukua matokeo na kuyalinganisha na vipimo vya CERES, vifaa vilivyo ndani ya setilaiti ambavyo tangu Machi 2000 vinapima mwanga unaorudi angani kutoka duniani. Kwa wastani dunia hupokea wati 340 hivi za jua kwa kila mita ya mraba. Karibu 100 hurudishwa, na takriban nusu ya hizo hurudishwa na mawingu.

Wastani wa modeli yetu kwa dunia nzima unapishana na setilaiti kwa chini ya wati 1. Wapo ambao wangeridhika hapo. Mimi nafungua ramani ya tofauti hizo, mahali kwa mahali.

Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika, imejaa rangi nyekundu: modeli inaruhusu bahari inyonye jua kupita kiasi. Wekundu upo pia kwenye pwani za Peru, Namibia na California, mahali ambapo kwa kweli hutanda tabaka pana la mawingu ya chini. Kwenye bahari za tropiki rangi inageuka buluu, kwa sababu mawingu ya modeli huko ni machache kuliko ya kweli, ila kila moja ni jeupe mno. Kosa la huku linalipia deni la kule, na wastani unatoka safi. Hilo linanikera kuliko wastani mbovu, maana wastani mbovu angalau hukuambia kuna tatizo. Tena kwa baadhi ya maeneo tofauti inazidi wati 10, ilhali kuongezeka maradufu kwa kabonidioksidi hubadili mizani ya nishati, yaani tofauti kati ya inayoingia duniani na inayotoka, kwa wati 4 hivi.

Saa 4 hadi saa 7
Nachagua dhoruba moja ya Januari kwenye Bahari ya Kusini, wakati jua la kusini liko juu na kosa ni kubwa zaidi. Tatizo liko nyuma ya dhoruba, kwenye hewa baridi. Modeli ikiona joto limeshuka chini ya sifuri, hugeuza maji ya wingu kuwa barafu mapema mno. Chembe za barafu hukua haraka kwa kunyonya mvuke wa matone, huanguka kama theluji, na wingu hubaki utando tu.

Wingu la kweli halifanyi hivyo. Matone madogo yanaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri yasipopata chembe ya kuanzishia barafu, na bahari ile, iliyo mbali na vumbi la mabara, ina chembe hizo kwa uchache sana. Leza ya setilaiti ya CALIPSO, iliyorushwa mwaka 2006, ilituonyesha maji hayo yakiwa yametanda kwenye vilele vya mawingu. Matone ni mengi na madogo, hivyo huakisi jua vizuri kuliko barafu chache kubwa.

Saa 8:15
Mwenzangu anayesimamia vigezo vya modeli, zile namba tunazozipanga wenyewe, anakuja mezani kwangu.

"Tukiyaacha maji kusini, dada, mizani ya dunia nzima itavunjika."

"Acha ivunjike, kaka. Tutaona ilichokuwa imeficha."

Tunabishana kwa muda mrefu, na ana haki ya kuogopa. Wingu lenye barafu nyingi huwa jeupe zaidi dunia inapopata joto, kwa kuwa barafu inageuka maji, na weupe huo hupunguza kasi ya ongezeko la joto. Wingu ambalo tayari ni maji halina breki hiyo kubwa. Kurekebisha kosa la leo kunaweza kuinua joto tunalolitabiri kwa kesho, na modeli kadhaa za kizazi cha karibuni zimeonyesha hivyo. Mimi naona ndiyo sababu hasa ya kulirekebisha.

Saa 10
Barua pepe, kikao kifupi.

Saa 11:40 jioni
Nabadilisha kigezo kimoja tu, cha kasi ya maji kugeuka barafu. Vingine sivigusi, ingawa najua wastani utaharibika. Kwenye daftari naandika ninachotarajia: wekundu wa kusini upungue, na buluu ya tropiki ibaki bila wa kuilipia. Kisha naituma kazi kwenye foleni ya kompyuta kuu.