Sauti Aliyotuigizia Baba

Baba alikuwa mvuvi wa mshipi hapa Malindi, na kila kusi ilipoingia alirudia kisa kimoja: usiku, nje ya mwamba, kitu kikubwa kilipumua kando ya ngalawa yake. Akatuigizia kwa kinywa, "Fuuu!", ndefu, nzito, kama mtu aliyetua gunia. Mama alikuwa akikuna nazi. "Haya, baba," akasema, basi. Hakuamini. Amezaliwa Shela, amepaa samaki umri wake wote, lakini mwamba hakuwahi kuuvuka.

Baba akafariki. Agosti 2018 rafiki yake, nahodha wa mashua ya watalii, akatuambia ana nafasi mbili. Mama alikataa mara mbili. Ya tatu akafunga leso kiunoni, akatoka.

Kusi ni kusi, hatujafika mbali akatapika. Nilijuta kumleta. Ndipo pomboo walipokuja, wale wembamba wenye mdomo mrefu, wakatangulia omo, wengine wakiruka na kujizungusha hewani kama pia. Mama akafuta kinywa kwa ncha ya leso, akainua kichwa.

Mbele zaidi nahodha akazima mashine. "Shemeji, tulia. Tazama huku."

Mgongo mweusi ulipanda polepole, na ubavuni mwake mgongo mwingine mdogo. Nyangumi wa nundu na mtoto wake. Kwa makadirio ya nahodha mama mtu alifika mita 14. Mashua yetu ilikuwa fupi kuliko yeye. Mtoto aliibuka mara tatu kabla ya mamake kuibuka mara moja, maana pumzi ya mtoto haikai. Nahodha akaeleza kwamba hutoka Antaktika, kwenye barafu, maelfu ya kilomita, waje wazae na kulea katika maji yetu ya vuguvugu. Chakula chao kiko huko kusini. Huku mama hali kitu cha maana, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na humo humo anatoa maziwa.

"Kumbe ananyonyesha?" Mama akauliza. "Na njaa yote hiyo?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu yule mkubwa alipumua. Kwa kuwa mashine ilikuwa kimya, tuliisikia mpaka vifuani: fuuu, ndefu, nzito. Mvuke ukapanda, upepo ukatuletea harufu ya samaki aliyelala.

Nikamtazama Mama. Alikuwa ameibana midomo. Kisha akaifungua, akaitoa sauti ile ile, kwa chini, kama anayeijaribu. Nilikuwa sijaisikia nyumbani kwetu tangu Baba aondoke.

"Marehemu alikuwa akitia nanga wapi?" akamuuliza nahodha.

Nahodha akaonyesha kwa kidevu, kaskazini kidogo ya pale tulipokuwa. Mama akageuka, akaukodolea macho upande ule. Nyuma yake nyangumi akazama, mkia wake mzima ukainuka ukichuruzika maji, watalii wakapiga kelele. Yeye hakuuona.