Napinda leso, na siku hizi naipenda

Mie Muislamu wa Mji wa Kale na sibadili dini, kwa hivyo msianze. Lakini kuna mtawa wa Kibudha wa Uchina, Baizhang, aliyefariki mwaka 814, hanitoki akilini. Alipozeeka, wanafunzi walimwonea huruma wakamfichia zana zake za shamba. Mzee akagoma kula! Siku bila kazi, alisema, ni siku bila chakula. Ikabidi wamrudishie.

Mimi kutwa niko kwenye cherehani Biashara Street. Pesa yenyewe ni ya sukari na majani ya chai. Lakini tangu nimsome huyo mzee simu naiweka droo. Nalikunja pindo mara mbili, nalibana kwa kidole gumba, naifuata sindano mpaka kwenye kona, maana kona ndiyo humuumbua fundi. Wabudha wanaihesabu riziki safi katika ile njia yao yenye sehemu nane: usiuze silaha, sumu wala binadamu. Leso hawakuitaja, alhamdulillahi.

Jana mama mmoja kapitisha mkono kwenye upindo, akauliza nimenunua mashine mpya lini. Nikacheka tu, nikamwambia mamangu, leta nyengine.