Siku Moja Maishani Mwangu: Kliniki ya Watoto Walioguswa na Pombe Tumboni

Saa 1:30 asubuhi nafungua chumba na kupanga vifaa: mizani, futi ya kamba, vibao vya mafumbo. Nikitaja kazi yangu mbele za watu, swali ni lile lile: "Kumbe wewe ndiye unayewakamata kina mama walevi?" Simkamati mtu. Mimi ni mtaalamu wa makuzi ya watoto, na wagonjwa wangu ni watoto ambao mama zao walikunywa pombe wakiwa wajawazito. Sehemu kubwa ya siku yangu huenda kwa mama.

Saa 2 hadi saa 4 ni vipimo: uzito, urefu, mzingo wa kichwa, machozi, anayefuata. Usoni natazama upana wa jicho, mfereji wa chini ya pua kama umesawazika, na mdomo wa juu kama ni mwembamba. Mfaransa Paul Lemoine aliandika kuhusu watoto hawa mwaka 1968. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, wakaupa ugonjwa jina: fetal alcohol syndrome. Lakini wengi ninaowaona wana sura za kawaida kabisa. Pombe imepita kwenye ubongo ikauacha uso, na watoto hao huishia kuitwa watukutu.

Saa 4 anaingia mama na mwanawe wa miaka 7, na nyuma yao shangazi wa mtoto. Hapo ndipo siku yangu ilipokwama.

Namuuliza mama, anajibu wifi yake. Alikunywa kiasi gani? "Sana, daktari." Mimi si daktari, lakini twende. Miezi gani? "Yote!" Nataka kujua kama alikunywa nyingi kwa mkupuo, kama alikula vizuri, kama alivuta sigara, alikuwa na umri gani, amezaa mara ngapi, na nani mwingine alikuwa analewa mle ndani. Siulizi ili nimhukumu. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto ambaye ini lake bado changa, na ya mkupuo humfikia ikiwa kali zaidi. Lishe duni, umri mkubwa na uzazi wa mara nyingi huzidisha hatari. Hata mapacha wasiofanana, waliolala tumbo moja, mmoja anaweza kuumia kuliko mwenzake.

"Mbona fulani alikunywa na mtoto wake anaongoza darasani?"

"Ndilo ninaloeleza, shangazi."

Namwomba atusubiri nje. "Nauli nimelipa mimi!" Mwisho nampa fomu ya tabia za mtoto nyumbani, ile ndefu kuliko zote, anatoka nayo akinung'unika.

Mama ndipo anafungua mdomo. Aliacha pombe mwezi wa 3, alipojua ana mimba. Mtoto alizaliwa hawezi kunyonya vizuri, analia usiku kucha, akibebwa anajikunja kinyumenyume. "Nikaona hanitaki." Sentensi hiyo nimeizoea, na bado inanichosha. Mtoto wa namna hii hutulia kwa shida. Mama anayejilaumu, au mwenye sonona, hukisikia kile kilio kama hukumu, akarudi nyuma. Mtoto naye akakosa wa kumtuliza, na madhara yakaongezeka juu ya yale ya pombe.

Nikampa kijana maagizo matatu kwa pamoja. Akafanya la kwanza, akasimama. Shangazi angesema jeuri. Mama akamwambia taratibu, "Chukua kiatu." Akangoja. "Haya, kivae." Agizo moja moja, na hakuna aliyemfundisha mama hilo. Nikaliandika lile kwenye ripoti, nikamsomea kwa sauti, akaniomba nirudie.

Kula sikula. Mchana kuna mwalimu kwenye simu: jana mtoto alijua kujumlisha, leo hajui, "ananichezea akili." Nikaeleza tena kwamba kumbukumbu yake huja na kupotea. Kisha mjamzito mmoja anauliza kama bia moja ina neno. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, dada, na kuacha leo kunasaidia hata kama mimba ni kubwa.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokaa kuandika. Ann Streissguth na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha, miaka ya 1990, kwamba watoto waliotambuliwa kabla ya miaka 6 na kulelewa katika nyumba tulivu walipata matatizo machache zaidi baadaye, ya shule na ya sheria. Huyu wangu ana 7. Mama aliuliza mapema, akaambiwa "atakua tu." Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko shangazi.

Naye alirudi na fomu, kaijaza yote, vizuri kuliko wengi. "Umemwambia?" akauliza.

"Nimemwambia. Na wewe nimekuandika mlezi wa pili. Mafunzo yanaanza wiki ijayo, uje naye."

Akauliza kama nauli inarudishwa.