Chyulu haina mto

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, mnisamehe, bado nlikua naitafuna moyoni ile safari ya ushirika wetu kule mbuga ya Tsavo Magharibi. Tuliingilia Mtito Andei, tukaenda na vumbi na miiba na yale mawe meusi ya volkano mpaka nikasema moyoni huku hata mbuzi hanywi, mara mbele yetu kijani kitupu, mikuyu na mikindu imesongamana, na ukinyamaza wasikia maji. Renja akatangulia na bunduki maana kuna viboko na mamba, sisi nyuma kimya kimya. Maji yenyewe jamani, yatoka chini ya mawe meusi yakiwa meupe pee, samaki wawaona mpaka chini.

Hapo ndo chemchemi za Mzima. Mi nimezaliwa Mombasa na maji ya Mzima nimeyanywa toka utotoni, bomba layaleta tangu miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200, na kwetu lilikua ni jina tu la maji matamu, kuyatenga na ya kisima yenye chumvi. Sijawahi hata siku moja kuuliza yatoka wapi. Mfereji ukikauka nanung'unika, ukitoka nakinga ndoo, bas.

Sasa kilichonishika ni alichosema renja. Maji hayaanzii pale. Yaanzia vilima vya Chyulu, mvua inayonyesha kule na ukungu unaonasa kwenye msitu wa juu, lakini ardhi yake ni majivu ya volkano na mawe yenye vitundu vitundu, hayakai juu, yazama yote, yaenda chini kwa chini makumi ya kilomita yakichujika humo gizani ndo yaje kutokea Mzima, zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Na Chyulu yenyewe haina mto hata mmoja. Yanyeshewa miaka yote na ukisimama juu yake huoni kijito.

Nilinyamaza njia nzima kurudi. Wengine mwajua nimefundisha sande skuli mwaka wa tisa huu, na mwaka jana nlitaka kuacha, kwa sababu wale watoto wangu wa kwanza sahi ni vijana na kanisani siwaoni, nikisimama juu ya miaka yangu naona vumbi tu. Nlikua namuuliza Mungu, mbona hata kijito? Sikupata jibu la kusikika na sitawadanganya. Ila nimejua mimi mwenyewe nakunywa nisikochimba. Kuna mama mmoja alinifundisha Zaburi ya 23 nikiwa na miaka sita, akahama mtaa, mpaka leo hajui kama niliokoka.

Someni Kumbukumbu la Torati 6, mstari wa 10 mpaka 12. Mungu awaambia Israeli mtakuta visima ambavyo hamkuchimba, mkila mkashiba jihadharini msinisahau. Ule mstari nimeuhubiri mara nyingi lakini nlikua nafikiria nyumba na mashamba, sikuwahi kufikiria ndoo yangu mwenyewe pale uani. Kusahau kwenyewe hakuna kelele, ni kufungua mfereji kila asubuhi bila kuuliza kitu.

Na tusiishie kwa roho tu. Msitu wa Chyulu wachomwa, wakatwa makaa, na makaa mengine twayapikia sisi hawa hawa tunaongoja maji. Alafu kuna ndugu zetu wa Taita Taveta, bomba lapita kwao likija kwetu na wengine bado wabeba mitungi kwa kichwa. Hilo mi naona ni dhambi tukiliombea bila kulisemea.

Tuombe. Baba, asante kwa mvua iliyonyesha mahali ambapo sikuwepo. Mkumbuke yule mama popote alipo. Walinde walioko Chyulu wakizima moto. Wape maji walio kando ya bomba, na utupe sisi wa Mombasa mdomo wa kuwasemea. Na wale watoto wangu tisa wa darasa la kwanza wawajua kwa majina, hata nikiwa siwaoni. Jumapili saa mbili nitakua darasani. Amina.