Kumbukumbu ya mradi: ramani ya seva ya Mtwara, nakala yake Lindi

Seva ni kompyuta ya mezani yenye Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux) na diski moja, ipo Mtwara mjini. Picha na hifadhidata zina bakapu tangu zamani. Kilichokosekana ni ramani ya mashine yenyewe: diski imegawanywaje, programu zipi zimewekwa, mtandao umepangwaje. Bila ramani hiyo, data inaweza kuwa salama na seva isiwake kwa siku mbili. Nayo yote ikibanwa ni MB 4 tu.

Wiki ya 1. Skripti inaanza na `umask 077`, inayozuia wengine kusoma faili zake, maana /etc/shadow, faili ya nywila zilizofichwa, itaingia humo. Kisha:

sfdisk -d /dev/sda > sda.txt
blkid > blkid.txt
ip -br link > mtandao.txt
apt-mark showmanual > programu.txt
tar --numeric-owner -czpf etc.tgz /etc /root /usr/local /var/spool/cron/crontabs

`dpkg --get-selections` imeachwa kwa sababu inamwaga na vitegemezi vyote, yaani programu zilizovutwa na nyingine. `apt-mark` inataja vilivyoombwa tu. Ratiba za cron (kiendesha kazi kwa saa zilizopangwa) za watumiaji hazikai /etc, folda ya mipangilio, ndiyo maana njia yake imeandikwa peke yake. Usinakili /etc kwa `cp` kwenye flashi ya FAT: haijui mmiliki wala ruhusa za Linux, na vyote hupotea. Ndani ya tar vinabaki.

Wiki ya 2. Cron ya saa 8 usiku imeondolewa. Umeme ukikatika saa hiyo, cron hairudii kazi iliyopitwa. Sasa ni taima ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, yenye `OnCalendar=*-*-* 02:00:00` na `Persistent=true`; umeme ukirudi na seva ikawaka, kazi inafanyika hapo hapo.

Faili hufungwa kwa gpg, programu ya usimbaji, kwa ufunguo wa umma. Ufunguo wa siri, unaofungua, haukai kwenye seva. Ukikaa humo peke yake, diski ikifa bakapu nayo imekufa.

Nakala moja inakwenda Lindi kwa rsync, programu ya kunakili kupitia mtandao, na kila mwezi flashi inapanda basi. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga, na mwezi huo huo nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu. Lindi iko upande wetu wa Somanga.

Wiki ya 3. Kurejesha kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine), na hapa ndipo kazi ilipo.

`sfdisk` ilikataa kwa sababu diski mpya ni ndogo kuliko ya zamani. Futa mstari wa `last-lba` (mwisho wa diski ya zamani) ndani ya sda.txt, na `size=` ya kizigeu, yaani sehemu ya diski, cha mwisho; kitajaza nafasi iliyopo.

Seva ikawaka ikaishia hali ya dharura. `mkfs`, inayoumbiza kizigeu, hutoa UUID (namba ya utambulisho) mpya, ilhali fstab, orodha ya vizigeu vya kupachika, inatafuta ya zamani. Dawa ni `mkfs.ext4 -U` ikifuatiwa na UUID iliyo ndani ya blkid.txt.

Mtandao nao ukagoma: kadi iliyoitwa enp3s0 sasa ni enp1s0. Rekebisha jina ndani ya /etc/network/interfaces.

Mwisho, passwd, group, shadow na gshadow zirudishwe kabla ya kuweka programu. Ukichelewa, watumiaji wa mfumo hupewa namba nyingine, na faili za hifadhidata zinaangukia kwa mmiliki asiye wake.

Kuanzia diski tupu hadi kuingia kwa ssh, yaani kwa mbali kupitia mtandao: dakika 50. Jaribio linalofuata ni kwenye mashine halisi, diski ya GB 240.